Mwanangu, kuhusu ile dawa na moyo wako

Mwanangu,

Jumapili uliniuliza swali ukiwa mlangoni, gari linakungoja chini, nami nikakujibu nusunusu. Ulisema, "Mama, hii dawa ya ADHD itanipa presha kama yako?" Nimelala na swali hilo siku tatu. Nakujibu sasa kama mamako, na pia kama nesi aliyewafunga watu mkanda wa presha kwa miaka 31.

Dawa yako ya hiyo ADHD, hali ya kushindwa kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja, inapandisha presha na mapigo ya moyo, ndiyo. Methilfenideti, dawa iliyomo kwenye kidonge chako, huzuia kemikali za dopamini na noradrenalini zisiondolewe haraka kwenye ubongo, na ndiyo maana siku hizi unashika kazi moja mpaka unaimaliza. Lakini noradrenalini haikai kichwani peke yake. Ni ile ile inayokujaa unapokatiza barabara na matatu inakujia kwa kasi: moyo unadunda, mishipa inajikaza. Kwa wastani mapigo huongezeka 3 hadi 6 kwa dakika, na namba ya juu ya presha hupanda 2 hadi 4. Mgonjwa akipanda kiasi hicho sishtuki. Ninachohofia ni kwamba wastani ni wa watu wengi, na wewe ni mmoja. Wapo wasiopanda kabisa, na wapo wachache wanaopanda sana, na huwezi kuwatambua kwa kuwatazama. Ni lazima kupima.

Na kupima kwenyewe kuna namna yake. Jumapili ulipanda ngazi ghorofa nne, lifti imeharibika tena, ukaingia ukaivamia mashine yangu hata salamu hatujamaliza. Ikasoma 149 kwa 93, mapigo 112. Nikaona uso wako unabadilika. Nikakwambia ukae, mgongo uegemee kiti, miguu yote miwili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na unyamaze. Kunyamaza ndiko kulikokushinda! Baada ya dakika saba ikasoma 127 kwa 79, mapigo 86. Mtu ni yule yule, na kidonge ni kile kile ulichomeza asubuhi. Nimeona wengi wakiandikiwa presha ambayo hawana kwa sababu walipimwa wakitoka kwenye foleni, mkanda umefungwa juu ya sweta. Hata mimi nilipima hivyo asubuhi za wagonjwa wengi, na jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo chukua ile mashine yangu ya zamani. Pima asubuhi kabla ya kidonge, kisha masaa mawili au matatu baadaye, uandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo wiki mbili, na tena kila daktari akibadilisha dozi. Namba za nyumbani zikibaki 135 kwa 85 au zaidi siku nenda siku rudi, mpigie. Ukizimia au kifua kikikubana, usipige simu kwangu, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Usiiache dawa kimya kimya kwa hofu. Nimeona ilivyokusaidia. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani kwa watu wa miaka 25 hadi 64 haukuona mshtuko wa moyo au kiharusi vikiongezeka kwa wanaotumia dawa hizi. Lakini mwaka 2023 watafiti wa Uswidi, waliofuatilia watu wapatao 278,000 wenye ADHD kwa hadi miaka 14, waliona kwamba kadiri mtu anavyozitumia miaka mingi, ndivyo uwezekano wa kupata presha na magonjwa ya mishipa unavyoongezeka. Na wewe presha unayo kwenye damu ya ukoo. Mimi nilianza vidonge 2009 bila kugusa dawa yoyote ya ADHD, na nyanya yako aliondoka kwa kiharusi. Ndiyo sababu nasema upime hata mwaka wa kumi, angalau kila miezi sita, usichoke.

Muguka nao, baba. Najua Ijumaa zenu. Kathinoni iliyo kwenye miraa na muguka ni jamaa wa karibu wa amfetamini, na kazi yake kwa moyo ni ile ile ya kidonge chako. Ukivichanganya, moyo unachapwa mara mbili. Ukikohoa pia, mwulize mfamasia kabla ya kununua dawa ya mafua, maana zenye pseudoefedrini hupandisha presha.

Sasa lile ambalo sikukwambia mlangoni. Uliniambia kwamba kwenye fomu ya kliniki uliulizwa kama kuna mtu wa familia aliyekufa ghafla akiwa kijana, ukaandika hapana. Uliandika ulichokijua. Mjomba wako hakufa kwa malaria. Alianguka uwanjani akicheza mpira, akiwa na miaka 34, hakuamka tena. Tuliwaambia malaria kwa sababu mlikuwa wadogo, halafu miaka ikapita tukaona aibu kulirudia. Nisamehe. Kesho asubuhi, kabla ya kumeza kidonge, mpigie daktari umwambie hivyo hivyo, na umuulize kama uendelee au usubiri kwanza upimwe umeme wa moyo. Akitaka kusikia kutoka kwangu, mpe namba yangu.

Mashine nimemwachia mlinzi getini, kwenye mfuko wa kaki. Nimeitia betri mpya.

Mamako