Shangazi wa Kompyuta: Nataka mla nyama wa Tendaguru kwenye gemu yangu

SWALI: Shikamoo shangazi. Nipo kidato cha tatu, Lindi. Kwenye kompyuta ya kaka yangu kuna Zoo Tycoon ya zamani, ile gemu ya kujenga bustani ya wanyama, pamoja na nyongeza yake ya Dinosaur Digs. Nilitaka kuongeza dinosaria mkubwa mla nyama wa hapa kwetu Tendaguru, kile kilima cha Lindi kilichochimbwa mifupa ya dinosaria, nikafungua faili la gemu, nikambadilisha T. rex jina na rangi. Sasa gemu kila ikifunguliwa inajizima. Kaka hajajua bado. Nifanyeje? Na je, ni kosa kumwita T. rex wa Lindi?
Msomaji wa Lindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie kaka yako leo hii, maana kompyuta haijaharibika na dawa ipo. Nakili kwenye flashi bustani zote mlizohifadhi, toa gemu, isakinishe upya pamoja na nyongeza yake. Safari hii usiguse faili hata moja lililokuja nayo.

Mnyama mpya anakaa kwenye faili lake peke yake. Mafaili ya gemu hii yanaishia na herufi ztd, lakini kwa ndani ni zip ya kawaida iliyobadilishwa mwisho wa jina. Unalitengeneza la kwako, unaliweka ndani ya folda inayoitwa dlupdate, basi. Likileta matata unaliondoa hilo moja, mengine yanabaki salama. Angalia mambo mawili tu. Jina la ndani la mnyama wako lisifanane na la mnyama mwingine yeyote, yatagongana. Na ukifunga zip, funga vile vilivyomo, usianzie folda ya nje. Mnyama wangu wa kwanza alikuwa kanu, na kwa kosa hilo la folda gemu haikumwona kabisa. Siku tatu nilichora upya picha ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Kuhusu picha: gemu hii ni ya 2001, na wanyama wake ni picha bapa. Kila hatua, kila mlo, kila usingizi una mfululizo wake wa picha, tena kwa kila upande mnyama anaoelekea. Usianze na karatasi tupu. Tafuta programu ya APE, ambayo inakuruhusu kuanzia kwa mnyama aliyemo na kumgeuza awe mwingine. Anzia kwa Allosaurus, mla nyama mwingine wa Dinosaur Digs, umwache T. rex.

Hapo ndipo swali lako la pili linaponigusa. Ndiyo, ni kosa. T. rex aliishi Amerika Kaskazini, akatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mifupa ya Tendaguru ina umri wa miaka kama milioni 150. Kutoka mnyama wa kwenu hadi T. rex ni muda mrefu kuliko kutoka T. rex hadi sisi. Kwa nini umpe mgeni kiti cha mwenyeji wakati mwenyeji yupo na jina analo?

Anaitwa Veterupristisaurus milneri. Alipewa jina 2011 na mtaalamu wa Ujerumani, Oliver Rauhut, kutokana na pingili za mkia zilizochimbwa Tendaguru karibu miaka mia moja kabla. Ni wa ukoo wa dinosaria wenye meno kama ya papa, na urefu wake unakadiriwa kati ya mita 8.5 na 10. Ni mdogo kwa T. rex, lakini bado ni mrefu kuliko daladala. Kwa kuwa tunazo pingili tu, kichwa na mikono utavikopa kwa jamaa zake, na jambo hilo liandike wazi kwenye maelezo ya mnyama. Mtu akicheza gemu yako ajue wapi mfupa unasema na wapi umekisia wewe.

Tena, mwanangu, unaye tayari mnyama mmoja wa kwenu bila kujua. Yule Kentrosaurus wa Dinosaur Digs, mwenye miiba mgongoni na mkiani, alielezwa 1915 kutokana na mifupa ya Tendaguru. Mjengee ua wake jirani na huyu, ila usiwaweke pamoja, ataliwa. Mla nyama mpe uzio wa umeme, na mwanasayansi wa kumtunza, kwa sababu dinosaria akitoroka wageni wote wanatawanyika.

Kwenye mazingira anayoyapenda usimwekee majani ya mbuga ya Serengeti. Enzi zile nyasi hazikuwepo. Mpe udongo, mchanga na maji, maana Tendaguru ilikuwa karibu na bahari, na katika tabaka zilezile za mawe yamo pia makombe ya baharini. Kwa mimea chagua kangaga, jamii ya misonobari, na mitapo. Mtapo unaujua, nasi pwani tunao mpaka leo.

Rangi hakuna anayeijua. Mimi ningemtazama kenge anayeota jua, nikaiga yale madoa yake ya manjano kwenye ngozi nyeusi. Mkia usiuburuze chini, uwe umenyooka nyuma kama mti wa mizani.

Maelezo yake yaandike kwa Kiswahili, na hili nakuomba kwa moyo wote. Nimewahi kusimama kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, chini ya Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu wa Tendaguru, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, shingo ikaniuma kwa kumtazama. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, yote pamoja zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa kazi alikuwa Boheti bin Amrani, na dinosaria mwingine wa Tendaguru, Australodocus bohetii, amepewa jina lake 2007. Mtaje Boheti kwenye maelezo yako, na wapagazi pia. Ukikwama kwenye APE niandikie, niambie umefika hatua gani na gemu imekuandikia nini kwenye kioo.