Kijana wa boda aliyetoweka kwenye kipilefti

"Sasa dada, mimi niko wapi hapa?"

Kijana wa bodaboda alikuwa ameinamia kioo cha kamera yangu, anajitafuta. Nilikuwa nimemlipa elfu tatu azunguke kipilefti cha Mnara wa Saa hapa Moshi, usiku, taratibu, mpaka nimwambie basi. Kila picha nilikuwa naacha shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, wazi sekunde 30. Mnara umetoka wima, taa za barabarani zimetawanya miale, na utepe mwekundu umeuzunguka mnara kama kitambaa. Pikipiki haimo. Mwenye pikipiki hamo.

Nilimweleza hivi: shata ikiwa wazi, kamera inakusanya mwanga kidogo kidogo. Taa yako ya nyuma inawaka, kwa hiyo inajiandika kila inapopita. Wewe na jaketi lako jeusi hamkukaa mahali pamoja hata nusu sekunde, kamera ingewaandika saa ngapi? Akasema hiyo ni dhuluma. Nikamwambia asimame palepale sekunde 15 kati ya zile 30, halafu aondoe pikipiki. Akatokea kama mzimu, mnara unaonekana kupitia kifua chake. Mara ya tatu nikamlenga na flashi ya mkononi, nikaibonyeza mara moja tu katikati ya zile sekunde, akatoka mzima na utepe wake mwekundu nyuma. Hiyo ndiyo aliyoikubali.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple kule Paris kutoka dirishani. Mtaa ule ulikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwenye picha umebaki mtupu, kwa kuwa kamera ilihitaji dakika kadhaa. Anayeonekana waziwazi ni mtu aliyesimama kona akisafishwa viatu. Wengine wote walikuwa na haraka zao.

Ndiyo maana nikiulizwa na wanaoanza, huwaambia wasianze kutafuta kinachokwenda. Magari, maji, mawingu, hivyo havikosekani. Tafuta kwanza kitakachotulia. Mimi nililijua hilo Materuni, kwenye maporomoko, baada ya kuharibu siku nzima. Nilifika saa sita mchana nikaweka sekunde 20, picha ikatoka nyeupe kama karatasi. Siku ya pili nikaenda na filta nyeusi, ile ya kupunguza mwanga kwa stopu 10, na kila stopu moja inakata mwanga nusu. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha muda wako kwa 1000 hivi. Kama bila filta kamera inataka sehemu moja ya 60 ya sekunde, ukiivaa unahitaji sekunde 17 hivi. Fokasi weka kabla ya kuivaa, maana ukishaivaa huoni kitu.

Maji yakawa pamba, nikafurahi. Nilipofika nyumbani na kuikuza picha, nikakuta migomba yote nayo pamba. Maporomoko yanatoa upepo wake, na jani la mgomba halihitaji kubembelezwa. Kilichoniokoa ni jabali moja jeusi kushoto. Nikakata picha nikabaki na jabali na maji. Siku hizi siendi na filta kabisa. Naenda alfajiri au siku ya mawingu, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kunasa mwanga, hapa uko chini), tundu la lenzi f/11 (dogo), na shata kati ya robo sekunde na sekunde moja. Maji yanabaki na nyuzi zake, unaona yanakoelekea. Yale maji ya maziwa ya sekunde 30, samahani, yananichosha.

Tripodi ni lazima, lakini si lazima iwe ya gharama. Nimepiga picha nyingi kamera ikiwa imelalia mfuko wa mchele juu ya ukuta. Tumia taimeri ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, zima ile huduma ya kutuliza mtikisiko kwenye lenzi, na usisimame darajani: lori likipita, daraja zima linacheza na picha yako imekwisha.

Kupandisha picha juu ya picha ni habari nyingine. Enzi za filamu ilikuwa ajali. Mpiga picha akisahau kuzungusha filamu, bibi harusi wa Jumamosi anajikuta kavaa watoto wa kipaimara cha Jumapili. Leo kamera nyingi zina sehemu ya kufanya hivyo kwenye menyu, na simu zina programu zake. Kanuni ninayoishika ni kwamba picha ya pili hukaa penye giza la picha ya kwanza. Penye weupe hakuna nafasi, pameshajaa. Na kwa kuwa mwanga unajumlishwa, kila picha uipunguzie mwanga: zikiwa mbili, stopu moja kila moja, zikiwa nne, stopu mbili. Kamera nyingine zinapunguza zenyewe, kwa hiyo soma menyu usije ukapunguza mara mbili.

Nilimrudia yule kijana kijiweni kwake asubuhi. Nilitaka umbo lake lijazwe na buni nyekundu za kahawa. Kosa langu likawa kumpiga uso ukiwa umepigwa na jua. Buni zikatua mashavuni moja moja, akawa kama mgonjwa wa tetekuwanga. Tukarudia: nikamgeuza ubavu, mgongoni kwake anga jeupe, yeye akawa kivuli cheusi. Kisha nikaenda kwenye kahawa, nikapiga matawi kwa karibu. Kichwa na mabega vikajaa buni na majani, na anga likabaki safi. Ameomba nimtumie ile ya tetekuwanga.

Sasa nahangaika na kitu kinachounganisha vyote viwili, shata ya muda mrefu na picha juu ya picha: nyota juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Sisi wa Moshi tuna bahati ambayo hatuitumii. Mlima uko kaskazini yetu karibu kabisa, na mji wetu uko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Kitovu ambacho nyota za kaskazini huzunguka kiko chini kidogo ya upeo wa macho, nyuma ya mlima, kwa hiyo nyota hupita juu ya Kibo kwa pinde, kama upinde wa mvua uliokalia mlima.

Shata haihitaji kukaa wazi saa nzima. Unapiga picha za sekunde 30 mfululizo, 120 kwa saa, halafu unazipandisha moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Programu ya StarStaX inafanya hivyo bila malipo. Zima ile huduma ya kamera ya kusafisha chengachenga za picha za usiku, maana inakula muda kati ya picha na pinde zinakatika vipande. Beba betri ya pili na kitambaa cha umande.

Mimi niliomba uwanja kwa mama mmoja upande wa Rau, kwa sababu kukaa porini peke yako na kamera usiku si ushujaa. Mama akaniletea chai, akauliza kama hiyo mashine inapiga au imelala. Ilikuwa inapiga. Kwenye picha ya 74 wingu likapanda, kama kawaida ya mlima wetu, likafunika kila kitu. Nikapandisha zile 73 zilizosalimika. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo pinde zangu ni fupi, nyuzi 9 tu. Lakini unaona zinakoinamia.