Mjusi mwenye kichwa chekundu na yule wa kahawia

Dada, umeuliza kama mijusi uliowaona kwenye mawe ya kilima cha Mlimwa hapa Dodoma, mmoja wa kichwa chekundu na mwingine wa kahawia, ni aina mbili. Hapana, wote ni agama, si aina mbili. Ni dume na jike. Dume aliyeshika himaya ndiye mwenye kichwa chekundu au cha chungwa na mwili wa buluu; jike ni wa kahawia, mdogo kidogo, mwenye madoa ubavuni.

Ila usitegemee rangi peke yake. Dume akipoa usiku, au akishindwa na mwenzake, hufifia. Madume wachanga nao wanafanana kabisa na majike. Angalia chini, mbele ya tundu la haja: dume ana safu ya vijitundu vinavyotoa kitu kama nta, na shina la mkia limetuna. Pia dume ndiye anayependa kupiga pushapu juu ya jiwe kutangaza eneo lake.



Tafadhali waambie watoto wasiwapige mawe mijusi hawa. Hawana sumu, wanakula mchwa na sisimizi, na aina yao moja, Agama dodomae, imepewa jina la Dodoma yetu.