Povu kwenye tundu la nyaya: linazuia moto?

SWALI: Fundi amepitisha nyaya nyingi za umeme kwenye ukuta unaotenganisha chumba cha swichi na ngazi, kisha akajaza tundu kwa povu la kupuliza. Je, yatosha?

JIBU: Hapana, na kwa kuwa ngazi ndiyo njia ya kutorokea, usilikawize. Povu la kawaida la poliyurethani huungua, na moshi hutangulia moto.

Likwangue lote, ufute vumbi pande zote mbili. Shindilia pamba ya mawe (rock wool), si ya kioo: ya mawe huhimili zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, ya kioo huyeyuka mapema zaidi. Kisha paka silanti (dawa ya kuziba mianya) inayovimba kwa joto, kwa kina kilichoandikwa kwenye cheti cha majaribio cha bidhaa hiyo. Kuvimba ndiko muhimu, kwani ganda la plastiki la waya likiungua huacha mwanya unaopaswa kuzibwa papo hapo.

Kosa tunaloliona sana ni kupaka nje ya fungu la nyaya tu. Moshi hupita katikati yake, hivyo zitenganishe na uingize silanti kati ya waya na waya. Silanti ya akriliki husinyaa ikikauka. Kagua nyufa, ongeza inapohitajika.

Kama ukuta ni wa kuhimili moto kwa dakika 60, kizibo nacho kiwe cha dakika 60. Bandika kibao chenye jina la bidhaa na tarehe, maana atakayeongeza waya kesho lazima azibe upya.