Muulize Mjomba: Makombe matatu, kisha nafasi ya tisa

Barua za raga zimemiminika tangu nilipodokeza humu kwamba niliwahi kuishi Leeds na kusimama jukwaa la kusini pale Headingley, uwanja wa klabu ya Leeds Rhinos, na wenzangu wa ghalani. Nimechagua nne, na zote zinazunguka msimu mmoja wa klabu hiyo, ule wa 2016. Wapenzi wa kandanda mtanivumilia hadi toleo lijalo.

Mjomba, salamu kutoka Kakamega. Mimi nilicheza raga shuleni, ile ya watu 15. Juzi nimesoma kwamba Leeds Rhinos walibeba makombe yote matatu mwaka 2015, halafu 2016 wakawa wa tisa kati ya timu 12. Inawezekanaje? Wachezaji waliuzwa?

Hawakuuzwa, ndugu yangu. Walizeeka.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana raga uliyoicheza wewe si hii. Hii ni raga ya ligi, iliyojitenga mwaka 1895 baada ya klabu za kaskazini mwa Uingereza kutaka kuwafidia wachezaji wao, wachimba makaa na watu wa viwandani, ujira waliokosa kila walipoacha kazi ili wacheze. Wakubwa wa chama wakakataa. Timu ina watu 13. Mtu akiangushwa hakuna ule mrundikano wenu wa kugombea mpira. Anaachiwa, anainuka, anauweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua, safari inaendelea. Mna nafasi sita. Mkiangushwa mara ya sita mpira ni wa wapinzani, ndiyo maana baada ya mara ya tano karibu kila timu hupiga teke kwenda mbele.

Shika hapo kwenye nafasi sita, kwani ndipo jibu lako lilipo. Timu ikipata mpira karibu na mstari wake yenyewe, mikimbio miwili ya kwanza haina raha hata kidogo. Wapinzani wamejipanga, wana pumzi, na wanakuja kasi. Lazima mtu aubebe mpira aingie katikati yao akijua kabisa kwamba atadakwa na watu watatu, apate mita nane au tisa, kisha ainuke upesi kabla hawajajipanga upya. Pale Leeds kazi hiyo walikuwa nayo Jamie Peacock na Kylie Leuluai (huyo ni mwanamume, jina lisikupotoshe), wote wawili wakiwa na miaka 37 mwaka ule wa makombe. Hakuna anayeimbiwa wimbo kwa mita nane. Lakini mita hizo ndizo zinazoamua kama teke la mwisho litapigwa kutoka katikati ya uwanja au kutoka mita 30 za kwenu. Ukipiga kutoka mita 30 za kwako, mwenzako anaanzia ndani ya nusu yako, na dakika moja baadaye unajilinda mlangoni. Mambo yakijirudia hivyo mechi nzima, hata mabeki wazuri wataachia trai (mpinzani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wenu) kwa uchovu tu.

Hao wawili waliondoka msimu wa 2015 ulipoisha. Wa tatu aliyeondoka ni Kevin Sinfield, nahodha tangu 2003. Alikuwa mpiga mateke na mtu wa kuwapanga wenzake, na kwa heshima aliyokuwa nayo, Desemba 2015 alishika nafasi ya pili nyuma ya Andy Murray kwenye tuzo ya BBC ya mwanamichezo bora wa mwaka. Kwa mchezaji wa raga ya ligi hilo ni jambo la ajabu, kwani Waingereza wa kusini wengi hawaujui mchezo huu hata kwa sura.

Wote watatu waliaga usiku mmoja, tarehe 10 Oktoba 2015, Old Trafford, Leeds ikiifunga Wigan 22-20 katika Fainali Kuu, mechi inayotoa bingwa wa ligi. Agosti walikuwa wamewachapa Hull KR 50-0 Wembley kwenye fainali ya Kombe la Challenge, kwa hiyo mtu aliyeangalia juu juu aliona timu isiyoshikika. Mimi nakwambia tazama ile ngao ya kuongoza ligi ilivyopatikana. Huddersfield, mechi ya mwisho, 16-16, na sare ingewapa Wigan ngao. Sekunde za mwisho kabisa Ryan Hall wa Leeds akaanguka na mpira kwenye kona, trai, 20-16. Kombe moja kwa sekunde, jingine kwa pointi mbili. Ondoa wazee watatu kwenye kikosi cha aina hiyo uone kinabaki nini.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalisemi. Leeds walizoea kusuasua msimuni na kuamka mwishoni. Mwaka 2011 walimaliza wa tano wakatwaa ubingwa. 2012 wa tano tena, ubingwa tena! Wakati huo timu nane ziliingia mtoano, kwa hiyo uvivu wa Machi ulisameheka Septemba. Mwaka 2015 utaratibu ulibadilishwa: baada ya raundi 23, nane za juu zilikwenda zao kugombea ubingwa, na nne za chini zikatupwa kwenye kundi la kugombea kubaki daraja. Ukiwa wa tisa, mlango umefungwa. Tabia ya zamani ikakutana na sheria mpya.

Shikamoo Mjomba. Naandika kutoka Leeds, nimeolewa huku. Mume wangu ni shabiki wa kufa, na kila nikimtania kuhusu 2016 anasema ni mafuriko tu. Mie nasema ni visingizio. Tuamue.

Marahaba mwanangu. Nyote wawili mna haki kidogo, ila ya shemeji ni ndogo kuliko yako.

Mafuriko yalikuwepo kweli. Tarehe 26 Desemba 2015 mto Aire ulivunja kingo, na kituo cha mazoezi cha klabu kilikuwa Kirkstall, kando ya mto huohuo. Viwanja vikazama. Tarehe hiyo ni mbaya kuliko nyingine yoyote kwenye kalenda ya raga ya ligi, kwa sababu msimu huanza Februari na Januari ndiyo mwezi wa kujenga miili. Timu ikaanza kuhamahama kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Mtu asiyefanya michezo atasema mpira ni mpira, nyasi ni nyasi. Lakini kundi lililopoteza sauti zake tatu kubwa lilihitaji kuliko wakati wowote ule chumba kimoja, ratiba moja, na kijana mpya kukaa karibu na mkubwa wake kila asubuhi. Badala yake watu walikuwa wanaulizana kesho tunakutana wapi.

Tarehe 21 Februari 2016 mabingwa wa Australia, North Queensland Cowboys, walikuja Headingley kwenye mechi ya klabu bingwa ya dunia wakaondoka na ushindi wa 38-4. Pale ndipo ilipoonekana wazi. Majeruhi nao wakaiandama timu, na Zak Hardaker, aliyekuwa amechaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima 2015, akapelekwa kwa mkopo Penrith, Australia, msimu ukiwa katikati.

Sasa mwambie shemeji hivi: maji hayakumzeesha Peacock. Klabu ilijua mapema kwamba watatu wale wanaondoka, na kwa maoni yangu haikuleta mtu wa uzito wao kule mbele. Danny McGuire alipewa unahodha, na alistahili, lakini yeye ni mtu wa akili na miguu myepesi. Si wa kubeba mpira kwenye zile nafasi mbili za kwanza. Mafuriko yaliwanyima muda wa kuficha pengo. Pengo lenyewe walikuwa nalo tangu usiku wa sherehe. Na umpikie pilau ili asinune.

Mjomba, hapa Mwanza kocha akipoteza mechi tatu anafungashiwa virago. Wale Leeds walimfukuza nani?

Hakuna. Kocha Brian McDermott alibaki. Kelele zilikuwepo, tena jukwaani kwetu hazikuwa za kistaarabu, lakini viongozi wakaziba masikio. Kule kwenye kundi la kunusurika Leeds ilimaliza kileleni, ikabaki Super League, yaani daraja la juu. Mwaka uliofuata, 2017, kocha yuleyule akaipeleka Fainali Kuu, ikaipiga Castleford 24-6. Castleford ndio waliokuwa wameongoza ligi kwa mbali mwaka mzima. McGuire alifunga trai mbili usiku ule na kuchaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Hiyo pia ilikuwa mechi ya mwisho ya Rob Burrow kwa Leeds, kijitu kifupi kilichokuwa kikipenya kati ya majitu miaka na miaka. Miaka miwili baadaye aligunduliwa ana ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Sinfield akawa anakimbia masafa marefu kumchangia yeye na wagonjwa wenzake, na Mei 2023 alimbeba mikononi kuvuka mstari wa mwisho wa marathoni ya Leeds. Burrow alifariki tarehe 2 Juni 2024. Umeniuliza habari za kocha nami nimekupeleka huku, lakini siwezi kuitaja fainali ile bila yeye.

Basi, usije ukaniandikia kwamba Mjomba anasema kocha asifukuzwe kamwe. Julai 2018 McDermott huyohuyo alitimuliwa baada ya mfululizo wa vipigo, Sinfield akarudishwa kama mkurugenzi wa raga, na timu ikaangukia tena kwenye kundi la kunusurika na ikaponea tena. Uvumilivu ulilipa mara moja. Mara ya pili haukulipa. Ningekuwa kiongozi pale, 2016 ningembakiza kwa sababu ubovu ulikuwa na chanzo kinachoonekana: wazee wameondoka, mazoezi hayana makao. Mwaka 2018 sikuona kisingizio cha aina hiyo.

Mjomba, hiyo "mechi ya pauni milioni" inayotajwatajwa ni kitu gani? Mshindi anapewa milioni? Msomaji wa Dodoma.

Hapewi bahasha. Katika lile kundi la timu nane za kunusurika, nne za chini za Super League na nne za juu za daraja la pili, pointi zilianza sifuri na kila timu ilicheza mechi saba. Tatu za kwanza zilipata nafasi Super League. Ya nne na ya tano zilicheza mechi moja ya roho, na milioni ni ile hasara ya kushuka: fedha za televisheni, wadhamini, mishahara ya watu.

Ya 2016 ilichezwa Hull, tarehe 1 Oktoba, Hull KR dhidi ya Salford. Hull KR waliongoza 18-10 dakika za mwisho kabisa. Salford wakapata trai mbili harakaharaka, 18-18, muda wa nyongeza, kisha Gareth O'Brien akapiga teke la mbali la pointi moja lililopita katikati ya nguzo. 19-18, Hull KR chini.

Na unajua nani alikuwa akiongoza shughuli za raga Hull KR mwaka ule? Jamie Peacock. Alihamia huko baada ya kuaga Leeds, na timu ilipozidiwa na majeruhi akavaa jezi tena mara chache, mzee mzima. Haikutosha. Hull KR walirudi daraja la juu mwaka uliofuata, na mwaka 2025 wakabeba makombe yote matatu, kama Leeds ya 2015. Tangu hapo mimi nawafuatilia kwa karibu. Niandikie tena tuzungumze.