Maswali ya wasomaji: Wageni kumi na mmoja, usingizi saa nne

Kaskazi imeshika, maembe yamejaa sokoni, na nyumba za Malindi zinatandikwa vitanda vya wageni. Barua nyingi tulizopata mwezi huu zina kilio kimoja: mwili umechoka, kichwa hakitulii. Tumezichagua nne. Wanaozijibu ni mshauri nasaha na muuguzi.

Assalaam aleikum. Kila mwaka mavyaa yangu, mawifi wawili na watoto wao huja kwetu tarehe 20 Desemba, wakaondoka baada ya mwaka mpya. Safari hii ni watu kumi na mmoja, nasi wenyewe ni watano. Mwaka jana nikiamka saa kumi alfajiri kukanda mahamri, nikilala saa sita usiku baada ya vyombo. Watoto wangu niliwapigia kelele kwa mambo madogo hadi nikajionea aibu. Sasa hata hawajafika, kichwa kinaniuma kila siku na Panadol haikosekani mkobani. Kuwaambia wakwe wasaidie naona haya. — Mama Watatu, Barani

Wa aleikum salaam, dada yetu. Tuanze na hesabu. Kutoka saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri ni saa nne tu, na mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Kwa siku kumi na tatu hilo ni deni la saa kama arubaini za usingizi. Ubongo ambao haujalala hauwezi kuishika hasira ipasavyo, kwa hiyo zile kelele kwa watoto usizihesabu kuwa ndiyo tabia yako. Hapa cha kutengeneza ni saa, na saa zako zinaliwa jikoni.

Mahamri yakande usiku, saa tatu, lakini usitie hamira ile ya kawaida. Kama kwa kilo moja ya unga hutia kijiko cha mezani, tia kijiko kimoja cha chai na uweke unga kwenye friji, chini. Asiye na friji atie nusu kijiko cha chai na akandie tui baridi. Wengi hujaribu kulaza unga kwa hamira kamili na joto hili la kaskazi, asubuhi wakakuta umechacha na unanuka, mahamri hayafuri na yanakunywa mafuta; basi wakarudi kuamka saa kumi. Mbaazi nazo zilowekwe usiku huohuo, zitaiva upesi na mkaa utabaki.

Nazi ikunwe mara moja kwa siku tatu au nne. Kamua, tia tui katika makopo ya kipimo cha chungu kimoja, gandisha. Usiliache nje hata kidogo, kwa joto hili halifiki jioni. Ukilipasha, koroga mpaka lichemke, la sivyo litakatika.

Sasa hilo la haya. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa nyumba zetu tungesema mpe mbuzi akune nazi. Lakini tunakuelewa: mke aliyeolewa hawezi kumpangia mavyaa yake kazi, na akithubutu litasemwa hadi Idd. Mwenye kusema ni mumeo, na aseme kwa simu kabla hawajapanda basi, wiki moja mbele. Maneno yawe mepesi: “Mama, mwaka huu nyumba tumeipangia zamu. Vyombo vya usiku ni vya dada na binti zake, ua utafagiliwa na wavulana, sokoni asubuhi nitakwenda mimi.” Kila kazi ipewe mtu kwa jina lake. Ukisema tu “tusaidiane”, kila mmoja atangoja mwenzake aanze, nawe utakuwa umeshaanza. Mavyaa apewe kazi ya heshima, kama kuchagua mchele na kuonja bizari ya pilau. Wazee wengi huumia zaidi kwa kukalishwa kama sanamu kuliko kwa kufanya kazi.

Jambo moja tunalosisitiza sana: wifi akiosha sufuria, usiioshe tena. Akikuona unairudia mara mbili, mara ya tatu hatashika maji, na hatakuwa na makosa.

Baada ya chakula cha mchana jifungie chumbani dakika 25. Watoto waambiwe mama amelala, na kweli ulale au unyooke tu. Usizidishe nusu saa. Utaamka na kichwa kizito.

Kuhusu Panadol: zisizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Na mtu akimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, dawa zenyewe huanza kuleta kichwa. Pita kliniki upimwe presha wiki hii, wageni hawajaja. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine. Ikibaki hapohapo, hayo ni mambo ya daktari, si ya mahamri.

Mimi ni mhudumu wa mezani hoteli moja upande wa Casuarina. Msimu ukichanganya nafunga saa sita usiku, kesho yake nafungua saa kumi na mbili asubuhi. Siku ya kumi na nane hii sijapumzika. Natafuna muguka na kunywa vile vinywaji vya nguvu nisisinzie. Nikifika nyumbani Muyeye silali, moyo unadunda, na siku hizi mikono inatetemeka hata kubeba trei. Nikilalamika naogopa nitaambiwa wanaotaka kazi ni wengi. — Mhudumu

Ndugu yetu, barua yako imetutia wasiwasi kuliko zote, ndiyo maana tunaijibu kwa urefu.

Muguka na kafeini iliyomo katika vinywaji hivyo haviondoi usingizi, vinauficha. Kafeini huchukua kama saa tano hadi nusu yake itoke mwilini: kopo la saa nne usiku, saa tisa nusu yake ingali inakukesha. Muguka una katinoni, ambayo mwilini hufanya kazi kwa namna ya amfetamini. Hupandisha presha, huharakisha moyo, huondoa hamu ya kula. Ile handasi, yaani msisimko wa muguka, ikiisha, uchovu wote unarudi pamoja na njaa, nawe unafungua kopo jingine. Viwili hivyo kwa siku moja ni mzigo mbaya kwa moyo. Anza kwa kuacha muguka. Kafeini ipunguze robo kila siku mbili, usiikate ghafla, maana ukikata ghafla kichwa kitaanza kuuma ndani ya siku moja nawe utairudia. Ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana.

Usiku ukifika nyumbani usianze simu. Oga, kula kidogo, ziba dirisha kwa leso mbili nzito ili mapambazuko yasikuamshe siku usiyofungua. Halafu chukua karatasi, dakika tano, uandike ya kesho: meza ya watu wanane, sare ya kupiga pasi, pesa ya maziwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa waliojiandikia shughuli zijazo kabla ya kulala walipata usingizi mapema kuliko walioandika yaliyokwisha kufanyika.

Hata hivyo, kwa zamu hiyo usiku pekee hautoshi. Tumia mapumziko ya mchana, baada ya chakula cha mchana na kabla ya meza za jioni. Ukiwa na saa mbili, lala dakika 90. Ukiwa na nusu saa, lala 20 na utege kengele. Wengi hukaa saa hizo nyuma ya jiko kwa simu na gumzo. Gumzo ni zuri, ila mwili haulipwi kwa gumzo.

Na pikipiki usiku usiiendeshe wewe. Mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 huchelewa kushika breki kama aliyekunywa pombe.

Upande wa kazi, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hii ni haki yako, msimu au si msimu. Lakini namna ya kuiomba ina uzito wake. Usiende saa ya chakula cha jioni, wala usiende na malalamiko matupu. Nenda baada ya staftahi, ratiba mkononi, na umeshasemezana na mwenzako: “Meneja, naomba anayefunga asifungue kesho yake. Mwenzangu amekubali kufunga Jumatatu na Jumanne, mimi nifungue, Jumatano tubadilishane. Na siku yangu ya mapumziko iwe Alhamisi.” Mkienda wawili au watatu ni bora. Meneja anajua mhudumu anayetetemeka huvunja glasi na kukosea bili; umpe njia ambayo haimwongezei kazi ya kupanga.

Naendesha tuktuk. Desemba pesa inaingia, lakini Januari nadaiwa karo ya watoto watatu, elfu 21. Nikilala nahesabu mpaka alfajiri. — Baba Shule, Maweni

Kaka, hesabu ya kitandani haina mwisho kwa sababu haina karatasi. Iweke hivi. Kuanzia tarehe 6 hadi 19 Desemba weka shilingi 500 kila siku: siku 14, ni 7,000. Kuanzia 20 Desemba hadi 2 Januari, abiria wakiwa wengi, weka 1,000: siku 14, ni 14,000. Jumla 21,000. Ziweke kabla ya kununua chochote, mara tu umetia mafuta na kutoa ya mwenye tuktuk, kwenye akaunti ya simu unayoweza kuifunga hadi tarehe utakayo. Ukiziacha mfukoni na sikukuu hizi, zitakuwa soda na nyama choma.

Ikifika tarehe 27 ukaona hutafikia, mwone mwalimu mkuu siku ya kwanza shule ikifunguliwa, na pesa uliyonayo mkononi, mpatane tarehe ya salio. Mkopo wa haraka wa simu usiuchukue kulipia karo. Mwezi mmoja wa kuulipa si mwingi na Januari biashara huanza kulala. Na mkeo azione hizo hesabu. Wanaume wengi hukesha na siri ambayo nyumba nzima imeshaihisi.

Niko kwenye kaunta ya malipo, supamaketi. Tarehe 24 mwaka jana foleni ikiwa hadi mlangoni, ghafla moyo ulienda mbio, pumzi ikakata, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa. Baada ya robo saa ikaisha. Nyanyangu asema ni pepo. Naogopa isinirudie. — Binti wa miaka 24

Mwanetu, uliyoeleza yanafanana sana na shambulio la hofu. Mwili ulimwaga adrenalini kana kwamba kuna simba mlangoni. Ukahema haraka, hewa ya kaboni dioksaidi ikapungua damuni, na hiyo ndiyo iliyofisha ganzi vidole na kukufanya uone pumzi haitoshi. Kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika kumi, kisha hushuka.

Likirudi, usivute pumzi kubwa kubwa kama watakavyokwambia watu. Huko ni kuzidisha. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita, tumbo lishuke. Fanya hivyo dakika tano. Miguu ikanyage sakafu sawasawa, na jiambie: hii ni hofu, itashuka. Usikimbie kaunta ukiweza, kwa kuwa ukikimbia kila mara, kaunta yenyewe itageuka kitisho. Mazoezi yaanze leo, mara mbili kwa siku, ukiwa umetulia. Mwili haujifunzi kitu kipya katikati ya foleni. Asubuhi ya kazi kula kitu, na usinywe kahawa tungu kwa tumbo tupu.

Nyanya usibishane naye. Dua yake ikikutuliza, ipokee. Lakini nenda pia hospitali upimwe moyo, damu na tezi ya shingo mara moja, maana upungufu wa damu na tezi iliyozidi kazi huleta dalili kama hizo. Na siku kifua kikibana kama kimekaliwa na jiwe, maumivu yakapanda taya au mkono, jasho baridi likakutoka, au ukazimia, usihesabu pumzi: waite wakupeleke upesi, wala usiende peke yako.