Mwani wako una njaa

Mama yangu analima mwani Jambiani. Alianza miaka miwili mitatu baada ya mbegu za Ufilipino kuletwa pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa hiyo alipokuja kunitembelea Dar mwaka juzi, kitu cha kwanza nilichotaka akione ni tangi langu la maji chumvi. Tangi kubwa la lita 200 lenye samaki sita, na pembeni yake dogo la lita 60, maji yakizunguka kati ya yote mawili, ambalo nilikuwa nimejaribu kupanda mwani kwa miezi minane. Maji yaling'aa utadhani hamna maji.

Hakusema kitu. Alipandisha mkono wa dera, akauchovya, akachomoa kishada cha Gracilaria, ule mwani mwekundu, na kujaribu kukivunja kwa vidole. Kilikunjika kama uzi. Rangi yake ilikuwa ya majani ya chai yaliyochemshwa mara tatu.

"Huu una njaa, mwanangu."

Nilibisha, kwa adabu. Nikamwonyesha vipimo vya virutubisho vya majini: naitreti sifuri, fosfeti sifuri. Nilikuwa najivunia hizo sifuri. Akaniuliza, sasa huu mwani unakula nini?

Sikuwa na jibu. Mwani hauna mizizi ya kunyonya udongo. Ule mwili wote ndio mdomo, unakunywa chakula kutoka majini. Kule Jambiani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila maji mapya yanakuja na chochote. Kwenye tangi, kilichomo ndicho hichohicho. Mimi nilikuwa na mashine ya povu inayotoa uchafu usiku na mchana, na juu yake nimeweka dawa ya kufyonza fosfeti, halafu nashangaa mwani haukui. Mbaya zaidi, ule utelezi wa kijani kwenye kioo ulikuwa unastawi vizuri tu. Utelezi huweza kuishi kwa makombo. Mwani mkubwa hauwezi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka huu peke yake unatosha: usitafute sifuri. Mimi sasa naacha naitreti ikae kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, na fosfeti karibu 0.05 hadi 0.1. Dawa ya fosfeti niliitoa. Mashine ya povu naiwasha saa chache tu. Naitreti ikishuka sana natia potasiamu naitreti, ile ya unga inayouzwa maduka ya pembejeo kwa wakulima wa nyanya. Gramu 1 kwenye lita 100 inapandisha naitreti kwa takriban miligramu 6 kwa lita, basi pima kwa mizani ndogo, usipime kwa kijiko. Na angalia mfuko vizuri. Urea na mbolea zenye amonia zina nafasi yake shambani. Kwenye maji chumvi amonia inaua samaki. Fosfeti kwa kawaida chakula cha samaki kinaitosheleza.

Baada ya wiki tatu ile Gracilaria ilirudi wekundu wake, na ukiivunja inakatika kwa mlio, kama tango.

Mwani wa kuanzia? Chaetomorpha. Unafanana na stilwaya ya kusugulia sufuria, ila wa kijani. Haushiki popote, unaelea na kuzungushwa na maji, na unasamehe makosa mengi. Mimi kwa ushamba wa kujivunia kwetu nilianza na spinosamu, mwani unaolimwa kwetu, niliyopewa na jirani wa mama. Februari ile tangi lilifika nyuzi 31. Matawi yakaanza kuwa meupe kwenye viungo, yakalainika, yakakatika. Wakulima wanaujua ugonjwa huo, wanauita aisi-aisi: mwani ukishachoshwa na joto au na chumvi kupungua, bakteria wanamalizia. Kotonii, aina nyingine inayolimwa, ndiyo dhaifu zaidi. Unguja kwenye maji ya kina kifupi imewashinda wengi kwa sababu ya joto hilohilo. Kama bahari yenyewe imeshindwa kuitunza, usitarajie ndoo yako iweze.

Joto nalipunguza kwa feni inayopuliza juu ya maji. Feni inakausha maji, na maji yakikauka chumvi inabaki, kwa hiyo unachoongeza kila siku ni maji baridi, yasiyo na chumvi. Kuna mtu aliongeza maji ya bahari kwa mwezi mzima akishangaa kwa nini kipima chumvi kinapanda. Mtu huyo ni mimi. Lenga kipima chumvi kisome 1.025.

Maji ya bahari yenyewe nachota yakiwa yanajaa, mbali na mdomo wa mto, na masika sichoti kabisa. Nayachuja kwa kanga. Mwani wa kuanzia usiuchume Mbudya wala Bongoyo, huko ni hifadhi.

Taa: LED nyeupe ya kawaida yenye nguvu inatosha, saa 10 hadi 12. Mimi nawasha ya mwani usiku, taa za samaki zikizimwa. Mwani ukiwa kwenye mwanga unavuta kaboni na pH, kile kipimo cha asidi ya maji, inapanda, gizani inashuka. Ukipishanisha zamu, pH ya tangi zima haiyumbi sana.

Caulerpa ni hadithi nyingine. Nzuri mno machoni, ile yenye vishada kama zabibu. Nayo ni seli moja tu ndefu, jani na shina lote, na ikiamua kuzaa inamwaga kila kitu majini kwa mkupuo. Niliamka alfajiri nikakuta maji ya rangi ya supu ya mchicha, mwani umebaki maganda meupe, samaki wote wako juu wanahema. Nilibadilisha nusu ya maji kabla ya kwenda kazini, na nilipoteza samaki wawili. Ukiipanda, ivune mara kwa mara, na ukiona ncha zinapauka, itoe siku hiyohiyo.

Na usitupe mwani wa tangi baharini. Mwaka 1984 Caulerpa taxifolia ilionekana chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, ikaenea Mediterania. Ilipoonekana Carlsbad, California, mwaka 2000, waliifunika kwa maturubai na kuiua kwa klorini, na ni 2006 ndipo walipotangaza imekwisha.

Kuvuna wengi wanaona uvivu. Fungu likiwa nene, wa juu unauzibia mwanga wa chini, wa chini unaoza na kurudisha majini kila ulichokula. Kila Jumamosi natoa theluthi moja. Wa Gracilaria anakula kangaja wangu, uliobaki nauanika juani mpaka ukatike, kisha unakwenda kwenye mboji ya mchicha. Mama alisimama akaniangalia nikiumwaga, anahesabu kilo kwa macho.